MJADALA: Zimwi la zamani ukilileta kwenye sheria mpya, uliache na ukali wake au ulipunguze makali?

Mwanzisha mada

Wadau, hili swali kila meza ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu) ina jibu lake na hamna aliyeshinda bado. Unafungua Monster Manual ya 1977, kile kitabu cha mazimwi, unakuta zimwi limekukaa vizuri, unataka kuliingiza kwenye toleo la tano la mchezo, lile la 2014. Unalihamisha na ukatili wake wote au unalirekebisha liendane na wachezaji wa sasa?

Msimamo wangu nautoa mapema: namba badilisha zote, sijali, ila kile ambacho zimwi lilikuwa linakunyang'anya usikiguse.

Namba hazina ubishi mkubwa. Zamani namba ya ulinzi ilienda kwa kushuka, yani mwenye 2 ni mgumu kumpiga kuliko mwenye 6, mpaka toleo la tatu la mwaka 2000 likaigeuza, kwa hiyo unachukua 20 unatoa ile ya zamani, orki (zimwi mfano wa mtu) wa 6 anakuwa 14, basi. Kwenye uhai ndo usijaribu hesabu za hivyo. Joka jekundu la 1977, lile kikongwe tena kubwa kuliko yote, mwisho wake ni pointi 88 za uhai. Joka jekundu kikongwe la 2014 lina 546! Ulete hizo 88 kwa timu ya leo yenye levo za juu (ngazi ambazo mhusika anapanda) uone, litakufa kabla halijatema moto mara ya pili. Mi nachofanya natafuta zimwi la toleo jipya linalokaribiana nalo kwa ukubwa na ugumu, nachukua namba zake, alafu tabia naweka za lile la zamani.

Ugomvi uko kwenye tabia sasa. Vampaya wa zamani akikupiga unapoteza levo mbili hapo hapo, hamna cha kurusha dadu ya kujiokoa na adhabu. Wa 2014 akikung'ata kiwango chako cha juu cha uhai kinashuka, alafu ukipata usingizi wa kutosha kinarudi. Huyo ni vampaya au ni mafua?

Au zimwi la kutu, ambalo kwa taarifa yenu lilitokana na kichezeo cha plastiki kilichotengenezwa Hong Kong ambacho Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa mchezo, alikitungia sheria. Zamani likigusa deraya yako ya chuma imekwisha, hata ya uchawi haikuwa na uhakika wa kupona. Ndo maana likitokea yule mpiganaji jeuri anarudi nyuma na mchawi mwenye joho lake ndo anasogea mbele, timu nzima inageuka juu chini. La 2014 linakupunguzia pointi moja moja ya ulinzi na vyuma vya uchawi haligusi kabisa. Kwa nini mtu akimbie?

Mchangiaji wa pili

Mkuu unaongea vizuri ila unasahau mhusika wa zamani alitengenezwaje. Unarusha dadu tatu mara sita, unachagua klasi (kazi yake, kama mpiganaji au mchawi), unanunua upanga, tayari unaingia shimoni kwenye mazimwi na mali, akifa unatengeneza mwingine wenzako hawajamaliza hata kugawana mali. Wa siku hizi ana historia yake, ana ukoo, ana ramani ya levo zote kumi zijazo, alafu wewe unataka afutwe kwa dadu moja kisa 1977 ilikuwa hivyo.

Na kupoteza levo kwenye toleo la tano ni adhabu ya makaratasi jamani. Unafuta uhai, unafuta uchawi, unafuta uwezo ulioupata juzi, wengine wote wamekaa wanakuangalia unafuta. Hofu iko wapi hapo, hiyo ni kazi ya ofisini.

Angalia Medusa, yule wa nywele za nyoka, ndo utaona mabadiliko mengine yana akili. Wa zamani ukimtazama dadu ikikukataa umekuwa jiwe, stori imeisha. Wa 2014 ukishindwa vibaya sana, kwa pointi 5 au zaidi, unakuwa jiwe papo hapo, ila ukishindwa kidogo unaanza kukakamaa na zamu inayofuata unarusha tena. Mi naona huyu anatisha zaidi, manake unajua kinachokuja na wenzako wana zamu moja ya kuhangaika.

Mchangiaji wa tatu

Wote mnabishana kuhusu kucha na meno. Kilichopotea kikubwa sio hicho.

Orki wa 1977 kitabu kinasema wanaonekana 30 hadi 300. Mia tatu! Mnadhani walitegemewa wapigwe mpaka wa mwisho? Sheria za msingi za 1981 zilimpa kila zimwi namba ya moyo kati ya 2 na 12, akifa wa kwanza wao au nusu yao wakianguka mwendesha mchezo anarusha dadu mbili, zikizidi ile namba wanatimua mbio. Na kabla hata ya vita kulikuwa na dadu mbili za kuona wamekupokeaje, wengine walikuwa tayari kuongea. Alafu sarafu moja ya dhahabu ukiitoa shimoni ilikupa pointi moja ya uzoefu, zile za kupandia levo, kwa hiyo mwenye akili aliiba akaondoka.

Sasa mtu anachukua vampaya wa kunyonya levo anamtupa kwenye mchezo ambao pointi zinatoka kwa kuua, hamna anayekimbia, hamna anayeongea, alafu anashangaa wachezaji wanalia wameonewa. Leteni moyo na mapokezi kwanza, ukali baadae.

Mwanzisha mada

Wa tatu umenigusa, hiyo ya moyo naitumia na sikuiandika kwa sababu niliona kama ni ya wazi, kumbe sio.

Wa pili, kuhusu makaratasi ninayo dawa. Usiguse levo. Acha vampaya apunguze kiwango cha juu cha uhai kama ilivyoandikwa 2014, ila kisirudi kwa kulala, kirudi siku vampaya mwenyewe akiangamizwa. Ni namba moja tu unafuta, na hasara imebaki ya kweli.

Mchangiaji wa pili

Hiyo naweza kuikubali, ila uwaambie kabla. Awepo mzee kijijini aliyeng'atwa miaka mingi nyuma na hajawahi kupona, wamuone wenyewe. Na vampaya akitoroka?

Mwanzisha mada

Atatoroka. Ukimmaliza uhai nje ya maficho yake anageuka ukungu, na sheria inampa saa mbili awe amefika anapolala, asipofika ndo anaangamia. Hapo ndo utaona timu ambayo kila siku inaomba ipumzike inakimbia usiku kutafuta jeneza.

Mchangiaji wa tatu

Na zimwi la kutu mnalifanyaje? Deraya ya uchawi iliyotafutwa mwaka mzima, nani ana roho ya kuiharibu?

Mwanzisha mada

Mimi.

Mchangiaji wa pili

Hapo ndo hatuelewani.