MJADALA: Tasnifu ya mawasiliano ya kimataifa, kwa nini lazima iwe kwa Kiingereza?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Nasoma shahada ya uzamili ya vyombo vya habari vya kimataifa na mawasiliano ya kuvuka mipaka. Utafiti wangu unahusu wasikilizaji wa redio za nje zinazotangaza kwa Kiswahili. Mahojiano yote nimefanya kwa Kiswahili, ila tasnifu natakiwa niiandike kwa Kiingereza, na maneno ya wasikilizaji yaingie yakiwa yameshatafsiriwa.

Wiki iliyopita nilikuwa nanukuu mahojiano kutoka kwenye kinasa sauti. Mzee mmoja nilikuwa nimemuuliza kama aliiamini taarifa fulani aliyoisikia redioni. Akajibu: "Niliipokea, sikuimeza." Niliirudia sehemu hiyo karibu saa nzima. Mwisho nikaandika kwa Kiingereza kwamba aliikubali taarifa ile, ila hakuiamini yote. Uongo mtupu! Mzee hakusema aliikubali. Habari unaipokea kama unavyompokea mgeni mlangoni, halafu unaikalia uone ina nini. Kila siku darasani tunasoma nadharia za namna hadhira inavyopokea ujumbe. Mzee yule alinipa yake kwa maneno mawili, nami nikaifuta.

Msimamo wangu ni huu: chuo kinachofundisha somo hili kiruhusu tasnifu kwa lugha ya watu wanaochunguzwa, mradi apatikane mtahini anayeijua. Historia ya taaluma yenyewe inatusuta. Mwaka 1870 mashirika matatu ya habari, Havas la Ufaransa, Reuters la Uingereza na Wolff la Ujerumani, yaligawana dunia kama watu wanaogawana shamba, kila moja na eneo lake. Karne moja baadaye nchi zilizotoka ukoloni zikadai mpango mpya wa habari duniani. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ikaunda tume ya kulichunguza suala hilo chini ya Seán MacBride wa Ireland, ripoti ikatoka 1980, Marekani ikajitoa UNESCO mwishoni mwa 1984 na Uingereza mwaka uliofuata. Hayo yote tunayasoma, tunaandika insha kwamba habari zilikuwa zinatiririka upande mmoja. Tukitoka hapo tunawachukua wasikilizaji wetu na kuwatiririsha upande uleule.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, uchungu wako nauelewa ila naomba kutofautiana nawe. Tasnifu ya mawasiliano ya kuvuka mipaka ambayo yenyewe haivuki mpaka itamfaa nani? Mtafiti wa Brazili au Indonesia mwenye wasikilizaji kama wako hataisoma kamwe. Halafu kuna suala la mtahini. Kozi nyingi hizi ni ndogo, na ukibahatika kumpata msimamizi anayejua lugha yako, wa pili hayupo. Hapo mtu mmoja anakuwa mlezi wako na hakimu wako. Akikuonea, rufaa yako ataisoma nani? Kiingereza si mapenzi, ni kinga.

Mchangiaji wa 2

Ndugu mchangiaji, tuangalie pia gharama ya upande wa pili. Chukueni Myanmar. Mwaka 2018 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi Facebook ilivyotumika kueneza chuki dhidi ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, na mwaka huohuo kampuni ikakiri kwamba haikufanya vya kutosha. Aprili ile Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, aliwaambia maseneta wa Marekani kuwa wanaajiri makumi ya wakaguzi zaidi wanaojua Kiburma, lugha kuu ya Myanmar. Zaidi! Baada ya watu kuuawa na mamia ya maelfu kukimbia makwao. Maneno ya chuki yalikuwa wazi kwa kila aliyeijua lugha. Sasa mhitimu wa uzamili aliyezoezwa kuona lugha ya watu kama malighafi ya kutafsiri, mkimpeleka kwenye kampuni kama hiyo atashtuka kwa lipi?

Mchangiaji wa 3

Mnabishania lugha wakati njia yenyewe si yenu. Machi 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika karibu na Abidjan, Ivory Coast, intaneti ikayumba katika nchi nyingi za Afrika Magharibi. Someni nani anamiliki waya.

Mleta mada

Waya tunausoma, na ni hoja nzito, ila haijibu swali langu. Mchangiaji wa 1, hoja ya rufaa imenigusa. Sikuwa nimeifikiria.

Mchangiaji wa 4

Mimi nimesimamia tasnifu za namna hii. Tatizo linalowaua wanafunzi halijatajwa hapa: kikomo cha maneno. Ukiweka nukuu ya asili pamoja na tafsiri yake, maneno yanahesabiwa mara mbili, kwa hiyo mwanafunzi anafuta ya asili ili abaki na nafasi ya uchambuzi. Nimeona sura nzuri zikiharibika hivyo. Dawa ninayoipendekeza: kabla hujakusanya kazi, iandikie kamati ukiomba nukuu za asili zibaki ndani ya matini, tafsiri ziwe chini yake, na moja kati ya hizo isihesabiwe. Kwenye sura ya mbinu, eleza ulivyotafsiri na ulikokwama. "Niliipokea" iweke hapo, kurasa mbili nzima. Usiifiche kwenye kiambatisho, viambatisho havisomwi.

Mleta mada

Asante sana, mwalimu. Barua naiandika leo. Bado nasimamia kwamba ruhusa ya kuandika tasnifu nzima kwa lugha ya watafitiwa inapaswa kuwepo, na rufaa ipewe utaratibu wake, kwa mfano kumkodi mtahini kutoka chuo kingine. Ila kwa sasa mzee wangu atasomeka kwa maneno yake mwenyewe. Ile sentensi ya "aliikubali" nimeshaifuta.

Waliowahi kuomba msamaha wa kikomo cha maneno, kamati ziliwajibu nini?