Mafundi wa maboksi ya spika, acheni kulipua kazi! Boksi linalovuja hewa linatuulia spika

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nina maboksi mawili ya besi, spika za inchi 18, yametengenezwa na fundi mmoja wa hapa Dar anayesifiwa kwa kapeti la kuvalisha boksi lililonyooka na kona za chuma zinazong'aa. Mbao za milimita 18 nilinunua mwenyewe, spika mpya nikampelekea, na hela aliyotaja nikailipa yote. Shughuli ya kwanza tu, kila besi ikigonga, nyuma ya boksi inatoka fyuu, fyuu, kama pampu ya baiskeli. Besi yenyewe haifiki hata meza ya tatu. Kumrudia, ananijibu: "Bosi, spika zako feki, na mashine yako ya kukuza sauti ndogo."

Nikazifungua spika mbele yake. Kati ya fremu na ubao hakuna gasketi, yaani kizibo laini cha kuzuia hewa, ya aina yoyote. Tundu limekatwa upogo, upande mmoja ukingo wa fremu umeshika ubao kwa upana wa kidole, upande wa pili karibu uning'inie. Kapeti limepitishwa chini ya fremu likiwa na mikunjo, na kila mkunjo ni njia ya hewa. Waya umetolewa nyuma kupitia tundu lililoachwa wazi. Na spika yenye sumaku nzito namna ile imeshikwa na skrubu nyeusi za jipsamu! Skrubu hizo hukatika kichwa kwa mtikisiko. Nyingine zilikuwa zimeshalegea, zinazunguka tu kwenye ubao.

Sasa mafundi mnisikilize. Koni, ule uso wa spika unaotikisika, inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Sauti hizo mbili zinapingana, na boksi lipo ili zisikutane. Wimbi la besi la hetsi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo likipata upenyo, la nyuma linazunguka na kulifuta la mbele. Sauti za juu hazidhuriki sana, ndiyo maana fundi anajaribu boksi kwa wimbo wenye maneno mengi, anaridhika, anachukua hela yake. Mwenye muziki akifika ukumbini anakosa besi, anaongeza sauti, koni inarukaruka kupita kiasi, mwisho koili, waya uliozungushwa unaoisukuma koni, inaungua. Halafu anaambiwa alinunua feki!

Wala si elimu mpya hii. Edgar Villchur kule Marekani alitoa spika ya AR-1 mwaka 1954 ikiwa ndani ya boksi dogo lililozibwa kabisa, hewa ya ndani ndiyo ikifanya kazi ya springi ya koni. Ikivuja, springi hiyo haipo. Hata boksi lenye bomba la besi, lile tundu la kutolea hewa, limepigiwa hesabu kwamba hewa itoke kwenye bomba peke yake.

Kilichonimaliza ni "marekebisho" yake. Kachukua silikoni, ile yenye harufu kali ya siki, akataka kuipaka kuzunguka fremu spika ikiwa ndani. Nikamzuia. Silikoni hiyo inapokauka inatoa asidi inayokula metali, na wewe unataka kuifungia pamoja na koili ya shaba? Na siku spika ikihitaji kubadilishwa koili, itang'olewa kwa tindo?

Kinachotakiwa hakizidi uwezo wa karakana yoyote. Maungio yapakwe gundi ya mbao ya kutosha, yabanwe, kisha yapitishwe gundi tena kwa ndani. Chini ya fremu uwekwe utepe wa sponji, ule wa kuzibia milango, na kapeti liishie nje ya fremu. Spika ifungwe kwa bolti, na nati za meno zigongwe upande wa ndani wa ubao. Kaza kwa kuvuka, bolti hii kisha ya upande wa pili, utepe ukishabanwa sawasawa simama. Ukikaza kwa hasira fremu inapinda na koili inaanza kusugua.

Na wateja wenzangu, msimalizie malipo kabla ya kupima. Ziba bomba, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ishikilie kidogo, kisha iachie. Ikirudi polepole, boksi limeshika hewa. Ikirudi papo hapo, linavuja. Kisha pigeni mlio mzito mfululizo na kupitisha kijiti cha udi kwenye kila ungio: moshi ukiruka, mwambie fundi aweke kidole hapo.

Kwa fundi wangu, najua unapita humu: nataka hela yangu ya ufundi, mbao nimekusamehe. Na mwenye kumjua fundi wa Dar au Morogoro anayefunga kwa bolti na kuziba kabla ya kuvalisha kapeti, anitumie ujumbe leo. Nina shughuli nimeshachukua advansi.