Plants vs. Zombies, Survival: Endless: Gargantuar wa macho mekundu wanasaga mstari mzima, nipangeje upya?

Njugu_Ngumu

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa mpangilio kwenye Plants vs. Zombies ile ya kwanza, ya PopCap ya 2009, gemu ya kulinda nyumba dhidi ya zombi kwa kupanda mimea, upande wa Survival: Endless, ule usio na mwisho. Nachezea kompyuta. Nafasi zote 10 za kadi ninazo, na mimea yote ya kupandisha daraja nimeshanunua kwa Crazy Dave, mwenye duka la gemu.

Uwanja uko hivi kwa sasa. Safu nahesabu kutoka nyumbani kwenda mbele. Nchi kavu, safu ya 1 na ya 2 ni Twin Sunflower, ya 3 na ya 4 ni Gatling Pea, ya 5 Torchwood, ya 6 Tall-nut ndani ya Pumpkin. Bwawani kuna Cattail 4 nyuma na Winter Melon 4 mbele yake. Wenye ndoo kichwani na wale wa Football hawafiki popote. Ila wakitokea wale zombi majitu, Gargantuar wa macho mekundu, wawili au watatu kwenye wimbi moja, wanasaga kuanzia Tall-nut mpaka Gatling na kuacha mstari mweupe.

Niongeze nguvu palepale au nibomoe? Na kama ni kubomoa, naanzia wapi bila kufa katikati ya ujenzi?

Shamba la Paa

Mkuu, piga hesabu kwanza. Punje moja ya mbaazi inaondoa 20, ikipita kwenye moto wa Torchwood inakuwa 40. Gatling inatema punje 4 kila sekunde moja na nusu hivi, kwa hiyo Gatling mbili zenye moto zinatoa 320 kwa mzunguko. Gargantuar wa kawaida ana uhai 3000, wa macho mekundu 6000. Huyo wa pili anataka mizunguko 19, karibu nusu dakika, na hapo nimechukulia kwamba kila punje inampata yeye. Haimpati. Punje inaishia kwa zombi wa kwanza kwenye mstari, na mbele ya Gargantuar daima kuna wenye ndoo wanaomkinga.

Tall-nut ina uhimilivu 8000, lakini hiyo ni dhidi ya meno. Nguzo ya simu ya Gargantuar inaiponda kwa pigo moja, na Pumpkin yake inakwenda nayo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalioni: Torchwood na Winter Melon zinapigana. Tikiti la barafu linatua bwawani na ubaridi wake unagusa mistari ya jirani, wa 2 na wa 5, zombi wanapungua mwendo. Punje ya moto ikimpiga zombi huyohuyo inamwondolea ubaridi na kumrudishia kasi yake. Umelipia vitu viwili vinavyofutana. Toa Torchwood na Gatling zote. Kwenye Endless ya mbali mbaazi hazina kazi.

Bahari_Kuu

Naungana na aliyetangulia. Jibu la macho mekundu ni mizinga, yaani Cob Cannon. Gunzi moja linaondoa 1800, sawa na Cherry Bomb, na mzinga unajijaza tena kwa sekunde 35 hivi bila kukudai jua. Gargantuar wa kawaida anakufa kwa magunzi 2. Wa macho mekundu anataka 4, kwa sababu 3 ni 5400 tu, unabaki na deni la 600.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Gunzi linafunika mistari mitatu. Ukilenga mstari wa 2 unapata wa 1, wa 2 na wa 3. Ukilenga wa 5 unapata wa 4, wa 5 na wa 6. Kwa hiyo usimfukuze zombi mmoja mmoja. Piga kwa jozi, moja mstari wa 2 na moja mstari wa 5, kwenye safu ya 8 au pale walipo, na umegusa uwanja mzima. Mizinga 8 ni jozi 4, ndiyo kiasi kamili cha kuwamaliza macho mekundu juu na chini kwa mzunguko mmoja.

Mpangilio ninaoupendekeza:

Safu ya 1 na ya 2 nchi kavu: Twin Sunflower 8, zote ndani ya Pumpkin. Hizo usiziguse, unazo tayari.
Safu ya 3 na ya 4 nchi kavu: mizinga 4, mmoja kila mstari.
Safu ya 5 nchi kavu: Winter Melon 4 ndani ya Pumpkin.
Bwawani safu ya 1: Cattail 2. Safu ya 2 na 3, kisha 4 na 5: mizinga 4. Safu ya 6 na ya 7: Gloom-shroom 4 ndani ya Pumpkin.
Safu ya 6 hadi ya 9 nchi kavu: wazi.

Mizinga ya bwawani ndiyo salama kuliko yote. Gargantuar na Zomboni (zombi wa gari la barafu) hawaingii majini, zombi wachimbaji wanapita nchi kavu tu, na Imp, yule mdogo anayebebwa mgongoni na Gargantuar, anatua kwenye mstari uleule wa baba yake. Kumbuka mzinga hauvai Pumpkin, kwa hiyo kinga yake ni mahali ulipo.

Mama Boga

Kabla hujakimbilia mizinga, angalia gharama. Kwenye Endless kila mmea wa kupandisha daraja unapanda bei kwa 50 kwa kila mmoja wa aina hiyo uliopo uwanjani. Mzinga wa kwanza ni 500, wa nane ni 850. Ongeza Kernel-pult mbili za 100 kwa kila mzinga. Mizinga 8 yote ni jua 7000. Zile nne za bwawani zinahitaji na Lily Pad 8, hizo ni 200 nyingine. Pipa la jua linajaa kwenye 9990, kwa hiyo inawezekana, ila siyo kwa mkupuo.

Gloom 4: Lily Pad 100, Fume-shroom 300, kupandisha 900, Coffee Bean 300 kwa sababu ni mchana, Pumpkin 500. Jumla 2100. Winter Melon 4, Melon-pult 1200 na kupandisha 1100, jumla 2300 kabla ya Pumpkin.

Na kwa wanaosoma ambao hawajafika alipofika mwenye uzi: Twin Sunflower inakuongezea jua 25 kila sekunde 24 juu ya Sunflower ya kawaida. Ya kwanza kwa 150 inajilipa ndani ya dakika 2 na nusu. Ya nane kwa 500 inajilipa baada ya dakika 8. Ndiyo maana zinajengwa mapema, bendera za mwanzo (bendera ndiyo alama ya mawimbi makubwa), zombi wakiwa wepesi. Kuanza kuzipanda macho mekundu wakiwa wameshafika ni kuchelewa.

Njugu_Ngumu

Asanteni sana, nimewaelewa. Maswali mawili yaliyobaki. Nibomoe kwa mfuatano gani? Na wachimbaji je? Wanaibuka safu ya 1 nyuma kabisa.

Bahari_Kuu

Anza na bwawa. Koleo halirudishi jua, kwa hiyo kila unachong'oa kimekwenda. Ng'oa pale tu ambapo una jua la kujenga palepale. Nchi kavu iache kama ilivyo kwanza, Gatling zako ziendelee kushika wadogo.

Hatua ya kwanza, mizinga 4 ya bwawani. Kupandisha daraja kunadai sekunde 50 kadi ijae, kwa hiyo panda Kernel-pult zote mapema. Zikisubiri zinatupa siagi na kusimamisha zombi. Ziwe mbili zilizogusana ubavu kwa ubavu kwenye mstari mmoja, siyo juu na chini. Hatua ya pili, Gloom 4 na Pumpkin zake. Hatua ya tatu, ng'oa Gatling za mstari wa 2 na wa 5, weka mizinga. Mstari wa 1 na wa 6 mwisho. Torchwood zing'oe Winter Melon ya safu ya 5 ikiwa tayari kulipiwa.

Wachimbaji ni kazi ya Cattail za safu ya 1 bwawani. Cattail inalenga mstari wowote, mbele na nyuma, na mchimbaji aliyeibuka pembeni yake anakuwa ndiye wa karibu. Pumpkin ya Twin Sunflower ina 4000, inamchelewesha vya kutosha. Hakikisha umenunua Wall-nut First Aid ili upande Pumpkin mpya juu ya iliyotafunwa bila kung'oa ya zamani.

Kiwavi77

Natia neno kwenye kadi. Watu wanakariri kadi 10 zilezile, na hapo ndipo bendera zinapoishia. Kila baada ya bendera 2 gemu inakupa nafasi ya kubadili, na inakuonyesha barabarani nani anakuja. Soma barabara!

Hiki ndicho ninachokipenda kwenye gemu hii kuliko nyingine zote za kulinda ngome: vichekesho vyake vinakufundisha kucheza. Zombi mwenye ndoo, ngazi, sururu au kijiti cha kurukaruka (Pogo), unamwona na unajua ni chuma, Magnet-shroom inamnyang'anya. Mzee wa gazeti ukimchania gazeti anakasirika na kukimbia, kwa hiyo mchanie akiwa mbali. Mwenye kisanduku cha kushtukiza analia muziki kabla hajalipuka, na mlipuko wake unafuta miraba 3 kwa 3. Ukisikia ule muziki na wimbi lina wengi wao, piga jozi ya magunzi mapema, usisubiri wafike kwenye Gloom.

Kwa hiyo: maputo yapo kwa wingi, beba Blover, Cattail 2 hazitoshi. Bungee wapo, beba Umbrella Leaf uiweke karibu na vitu vya gharama, inafunika 3 kwa 3 na inarudisha na mipira ya manati. Zomboni wapo, beba Jalapeno; inafuta na barafu waliyoiacha, na bila barafu wale wa kuteleza na sleji hawaji.

Kadi mbili usiziache kamwe macho mekundu wakionekana: Ice-shroom na Coffee Bean. Gargantuar anaganda. Zile sekunde chache ndizo mizinga inajaza.

Shamba la Paa

Na Puff-shroom. Bei yake ni 0. Ipande mbele ya Gargantuar kwenye safu ya 7 au ya 8, imelala au haijalala haidhuru. Anasimama, ananyanyua nguzo, anaponda, ndipo anaendelea. Kila moja inakununulia muda bila jua hata moja.

Kuhusu Imp: Gargantuar anamtupa uhai ukishuka chini ya nusu. Gunzi moja kwa Gargantuar wa kawaida linaondoa 1800, limeshavuka nusu, kwa hiyo ukimpiga moja na kungoja, Imp anatua nyuma kwenye Twin Sunflower zako. Piga magunzi mawili yatue pamoja, anaanguka na mtoto wake mgongoni. Kwa macho mekundu, magunzi yote manne yafuatane papo hapo, usiweke nafasi katikati.

Pweza_Kilindini

Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Mizinga 8 inataka mkono mwepesi. Gunzi linachukua sekunde 3 hadi 4 hewani, unatakiwa ulenge mahali zombi atakapokuwa, na jua lililoanguka juu ya mzinga linakula mbofyo wako: unadhani umeshika mzinga, kumbe umeokota jua. Kama lengo la mwenye uzi ni kuvuka bendera chache tu mbele, mizinga 4 ya bwawani pamoja na Gloom na Spikerock inatosha. Spikerock inahimili mapigo 9 ya Gargantuar au magari, na kila Zomboni anayepita juu yake anapasuka matairi. Weka safu ya 7 mstari wa 2 na wa 5, ndani ya moshi wa Gloom ya bwawani. Gharama ni ndogo, na mkono haukimbizani na saa.

Kama anataka kwenda mbali kweli, hapo nakubaliana na Bahari_Kuu.

Bahari_Kuu

Hoja ya jua kula mbofyo ni ya kweli. Okota jua lote kwanza, ndipo upige. Na piga kwa mfuatano uleule kila mara: jozi ya bwawani kushoto, jozi ya bwawani kulia, jozi ya mstari wa 2 na wa 5, jozi ya mstari wa 1 na wa 6. Gunzi la njano likichomoza mdomoni, mzinga umejaa. Usipige kwa sababu tu umejaa. Ukiua wimbi haraka, linalofuata linaletwa mapema, na linaweza kukukuta mizinga yote mitupu.

Mama Boga

Njugu_Ngumu, kama unataka kuzoesha mkono bila kuhatarisha uwanja wako, ingia Last Stand kwenye Mini-games. Bwawa ni lilelile, mistari 6. Unapewa jua 5000 bila mmea wowote wa kuzalisha, na 250 kila bendera. Weka mizinga 4, iliyobaki igawe kwa Winter Melon na Pumpkin. Pale utajifunza kulenga mstari wa 2 na wa 5 mpaka macho yazoee, na sarafu zinazoanguka ni nyingi.

Njugu_Ngumu

Nimenakili mpangilio wote. Swali la mwisho: kadi za hatua ya kwanza ya ujenzi, nibebe zipi?

Kiwavi77

Lily Pad, Kernel-pult, Cob Cannon, Pumpkin, Cherry Bomb, Ice-shroom, Coffee Bean, Puff-shroom, Squash. Ya kumi iamue barabara: Blover wakiwepo wa maputo, Jalapeno wakiwepo Zomboni. Fume-shroom na Gloom zibebe bendera 2 zinazofuata, utoe Kernel-pult na Cob Cannon mizinga 4 ikishakamilika.