Fundi kachomoa RAM yangu, na diski yenye picha za marehemu mama hajarudisha

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Kompyuta yangu ya nyumbani ni Dell OptiPlex 7010, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, yaani vijiti viwili vya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Niliichukua mtumba 2018. Siku hizi ukiiwasha unaenda kuchemsha chai, unarudi bado inawaza. Kila duka nililopita waliniambia niitupe, maana huduma ya Windows 10 ilikoma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, kichipu cha usalama. Sibishi. Lakini mwanangu anachapa kazi za shule, mimi naandika hesabu za kikoba, Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, inatutosha kabisa. Milioni ya kununua mashine nyingine sina.

Kwa hiyo nikaenda Kariakoo kwa fundi mmoja: SSD mpya (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256 na kijiti kimoja cha RAM aina ya DDR3 cha GB 8. Jumla na ufundi 160,000. Akasema niache mashine, nirudi jioni.

Nimefika nyumbani, nimewasha, kasi ipo, hilo sikatai. Nikaangalia taarifa za mfumo: RAM GB 11.6. Nilikuwa na 8, nimenunua 8, inakuwaje 12? Nikampigia. Anajibu eti bodi ya zamani "inakula" RAM. Jamani! Grafiki ya ndani, ile inayochora picha za skrini, inamega RAM kidogo, haimegi GB 4. Nikafungua kasha: kijiti chake cha GB 8, kijiti changu kimoja, na pale kilipokaa cha pili nafasi wazi, vumbi limekwanguliwa kwa vidole.

Nikapata wasiwasi, nikasoma na afya ya SSD. Hiyo "mpya" imeshawaka saa 19,640. Mwaka mzima una saa 8,760. Yaani imefanya kazi zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa, kisha ikafutwa vumbi na kuuzwa kwangu kama mpya. Imetolewa kwenye mashine ya nani? Naye aliambiwa diski yake imekufa?

Nauliza hivyo kwa sababu diski yangu ya zamani ndiyo naambiwa imekufa. Asubuhi ilikuwa inawaka, jioni imekufa, na siwezi hata kuonyeshwa maiti yake. Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza "kijana ameiweka stoo", ya pili "njoo Jumatatu", ya tatu akaniuliza diski kuukuu naitakia nini.

Naitakia picha za mama. Alifariki, na nyingine zilikuwa humo tu, ndiyo, nilipaswa kuwa na nakala, msinirudie hilo. Humo pia kuna vyeti vyangu na majina ya wanakikoba wote na namba zao za simu. Kufuta faili hakuondoi kitu kwenye diski ya aina hiyo, mtu akiwa na programu ya kurejesha anavuta vingi tu.

Mafundi wa aina hii wamejizoesha kwamba kinachotoka kwenye mashine ya mteja ni chao. Si chao! Nimelipia ufundi, sijalipa kwa vipuri vyangu. Mnaopeleka mashine wiki hii, pigeni picha vijiti na lebo ya diski namba ya siriali ionekane, na mkae hapohapo mpaka kasha lifungwe. Kubadilisha SSD ni dakika kumi, hakuna cha "njoo jioni".

Risiti ninayo, na namba ya siriali ya diski ipo kwenye picha niliyopiga mwaka jana nikisafisha feni. Kuna aliyewahi kupeleka jambo kama hili Tume ya Ushindani, au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya 2022? Mlianzia wapi? Pesa abaki nayo. Nataka diski yangu.