Mwanangu amepata TUM na Fachhochschule: achague ipi?

Habari zenu ndugu wa Ujerumani. Mwanangu amemaliza uhandisi wa mitambo pale Mlimani, na sasa amepata nafasi mbili za shahada ya uzamili: TUM, chuo kikuu cha ufundi kule München, na Fachhochschule (chuo cha elimu ya vitendo) moja ya jimbo la Hessen. Shemeji zangu Dar wanasema kuiacha TUM ni kuchezea bahati, ina jina. Mimi hela ndiyo inayoninyima usingizi. Vyote si vya umma? Tofauti iko wapi hasa?

*

Shikamoo mama, na hongera kwa kijana.

Jina la TUM ni la kweli. Imo katika vyuo vichache vilivyoteuliwa mwaka 2019 kuongezewa fedha za utafiti. Lakini tazama bei: tangu muhula wa baridi wa 2024/25 inawatoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 4,000 au 6,000 kwa muhula kwenye uzamili. Chukua ile ya chini, mihula minne ni euro 16,000, juu ya zile 11,904 za mwaka mmoja za Sperrkonto (akaunti iliyofungwa ya gharama za maisha) anazotakiwa kuonyesha ili apate viza. Msamaha wa ada upo, aombe, ila usiuwekee bajeti. Hessen atalipa mchango wa muhula tu, na mara nyingi humo humo mna tiketi ya treni.

Fachhochschule si chuo cha daraja la pili, mama. Profesa wa huko hapati kazi bila miaka mitano ya uzoefu, mitatu kati yake nje ya chuo kikuu. Mimi nimesoma huko. Siku ya usaili kiwandani, mkuu wa idara alifunua vyeti vyangu bila kutua kwenye jina la chuo. Alipofika kwenye kazi yangu ya mwisho, niliyoifanyia karakana ya pampu, akanisukumia karatasi na penseli: "Chora vali inavyofunga." Nilichora dakika ishirini, mikono inatetemeka. Kazi nikapata.

Zile orodha za vyuo bora duniani nazo msizibebe kama msahafu. Zinahesabu sana utafiti, na hapa sehemu kubwa ya utafiti inafanyika kwenye taasisi za Max Planck na nyingine zilizo nje ya vyuo.

Ila kama kijana anataka udaktari wa falsafa, hapo nabadilisha maneno. Uzamili wa Fachhochschule unamruhusu kuuomba, lakini nyingi ya Fachhochschule hazitoi shahada hiyo zenyewe, itabidi atafute profesa chuo kikuu kama mgeni. Aliyeko TUM tayari anafahamiana nao. Muulize yeye mwenyewe, si shemeji.

Akitaka kurudi nyumbani, TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, itaangalia kama chuo kinatambulika. Aingie Hochschulkompass, orodha ya mtandaoni ya vyuo vinavyotambuliwa hapa Ujerumani, akikute humo.

Nitumie barua zote mbili za udahili, nitazisoma leo usiku nikitoka zamu. Tarehe ya mwisho ya kuthibitisha nafasi imeandikwa humo, na Wajerumani hawaisogezi.