Chevelle 454 linachemka kwenye foleni, barabara kuu linapoa. Rejeta mpya haijasaidia, naomba ushauri

Mwenye Chevelle

Wakuu habari zenu. Nimekuwa nikisoma tu kwa muda mrefu, leo nimekwama.

Nina Chevrolet Chevelle la 1970, injini ni 454, yaani lita 7.4. Ilifunguliwa yote ikafungwa upya: pistoni mpya, kamshafti kali, hedi za alumini, kabureta kubwa. Kwenye mashine ya kupimia nguvu ilitoa zaidi ya farasi 500. Tangu hapo sijalifurahia hata siku moja. Barabara kuu kwenye mwendo wa 100 mshale wa joto unakaa nyuzi 88 na hautikisiki. Nikiingia foleni, dakika 10 tu uko 100, unapanda hadi 112, kisha maji yanamwagika chini na ile harufu tamu ya kulanti (dawa ya kupoza injini) inajaa ndani ya gari.

Nimeshaweka rejeta ya alumini ya safu 2 za mirija minene, pampu ya maji ya kusukuma mengi, na thamostati (kile kizibo kinachofunguka maji yakipata moto) nimeshusha kutoka ya 82 hadi ya 71. Feni ya injini nimeitoa, nikafunga feni 2 za umeme juu ya rejeta. Hali ni ileile. Sasa naambiwa ninunue rejeta kubwa zaidi. Gari hili nililitafuta miaka mingi, sitaki life kwa joto.

Nyundo

Pole sana mkuu. Toa thamostati kabisa, maji yazunguke bila kizuizi. Mimi lori langu lilipona hivyo.

Mzee Spana

Nyundo, kwa huyu haitasaidia. Thamostati inaamua injini isipoe kupita kiasi gani, haiamui iwe moto kiasi gani. Ikishafunguka yote, kazi yake imekwisha. Gari likiwa 112, ya 71 na ya 82 zote ziko wazi vilevile. Lori lako huenda lilikuwa na thamostati iliyogoma kufunguka, hilo ni tatizo jingine.

Mwenye Chevelle, kabla hujanunua kitu, angalia umeandika nini. Kwenye mwendo wa 100 injini inazalisha joto jingi kuliko gari likiwa limesimama injini inanguruma, na rejeta yako inalimudu. Kwa hiyo rejeta inatosha, pampu inatosha, na mpira wa maji wa chini ya rejeta haujinyonyi ukajibana. Gari linalochemka likiwa kasi na kupoa likisimama ndilo ningelitafutia ugonjwa huko kwenye maji. Lako limekosa hewa, au injini inawaka vibaya gari likiwa limesimama. Inawezekana ni vyote viwili.

Swali: hizo feni za umeme zina shraudi? Namaanisha kava linalofunika uso wote wa rejeta, feni zikiwa ndani yake.

Mwenye Chevelle

Hapana mzee. Zimefungwa kwa zile pini za plastiki zinazopita katikati ya mapezi ya rejeta. Kava la zamani halikuingia kwenye rejeta mpya, nikaliweka stoo.

Mzee Spana

Basi anzia hapo. Feni ikigusana na rejeta namna hiyo inavuta hewa kwenye duara lake tu. Pembe zote na nafasi kati ya feni mbili hazipati kitu, na maji yanapita humo yakiwa na moto wake.

Fanya jaribio hili. Washa injini ipate moto hadi feni ziwake, kisha shika karatasi mbele ya rejeta, upande wa grili, mbali na mapanga ya feni. Katikati ya duara itanaswa. Ipeleke kwenye pembe. Ikianguka, umeona mwenyewe sehemu ya rejeta uliyonunua ambayo haifanyi kazi.

Ukiwa hapo, tazama juu na pembeni ya rejeta. Rejeta ya kubadilisha mara nyingi huacha mwanya kati yake na bodi. Hewa hupita palipo rahisi, na gari likisimama, hewa ya moto ya injini hurudi mbele kupitia mwanya huohuo na kuvutwa tena. Ziba kwa sponji nene.

Fundi Rejeta

Naongezea kuhusu kumwagika. Maji na kulanti nusu kwa nusu, chini ya mfuniko wa psi 16, hayachemki mpaka karibu 129. Lako linamwaga kwenye 112. Ama mfuniko haushiki presha, ama umeweka maji karibu matupu, ama kuna hewa imenaswa ndani. Mfuniko ni kitu kidogo, watu wanausahau. Angalia mpira wake kama umepasuka.

Jaza maji pua ya gari ikiwa imeinuliwa, mfuniko wazi, hadi mapovu yaishe. Yakiendelea kutoka bila kukoma, pima gesi ya moshi kwenye rejeta kwa ile dawa ya bluu. Ikigeuka njano, gasketi ya hedi inavuja.

Mama Kabureta

Kaka, mimi naulizia taimingi, yaani cheche inawahi kiasi gani. Iko digrii ngapi gari likiwa limesimama injini inanguruma, na ule mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unaoingia kwenye distribyuta, kile kigawa cheche, umeunganishwa wapi?

Mwenye Chevelle

Dada, nimetoka kupima sasa hivi. Iko 8. Mpira wa vakyumu haupo. Aliyefunga injini aliuziba kwa skrubu, akasema injini ya nguvu haiuhitaji.

Mama Kabureta

Hapo kuna nusu ya joto lako. Kwenye mashindano, ambako mguu uko chini muda wote, kweli hauhitajiki. Foleni ni habari nyingine. Gari likiwa limesimama injini inanguruma, mchanganyiko wa hewa na petroli ni hafifu na unaungua polepole, hivyo cheche inatakiwa iwahi. Ukiiacha kwenye 8, vali ya ekzosi inafunguka moto ukiwa bado unawaka, na joto linaingia kwenye hedi, kisha kwenye maji.

Rudisha vakyumu na uivute moja kwa moja kutoka kwenye manifoldi, ile mirija inayopeleka mchanganyiko kwenye injini. Kamshafti yako kali itakuwa na vakyumu ndogo, kwa hiyo pima kwanza kwa geji, kisha tafuta kopo la vakyumu (lile la distribyuta linalowahisha cheche) linalovuta lote inchi 2 chini ya hiyo uliyopata. Kopo likiwa gumu kuliko injini, taimingi itakuwa inacheza huku na huku. Jumla ya taimingi bila vakyumu, injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu, isipite digrii 36, na usikilize isigonge.

Mwenye Chevelle

Wakuu, nimerudi baada ya wiki 2.

Karatasi ilianguka kwenye pembe zote 4. Nimebadilisha feni, nimeweka mbili zenye shraudi yake ya alumini inayofunika rejeta nzima. Mwanya wa juu ulipitisha vidole vyangu vitatu, nimeuziba. Mpira wa mfuniko ulikuwa na ufa. Vakyumu nilipata inchi 11, nikaweka kopo linalovuta lote kwenye 9. Sasa gari likisimama injini ikinguruma taimingi ni digrii 28, na sauti yenyewe imebadilika, imetulia.

Jana nilikaa foleni dakika 40 jua la mchana. Mshale ulifika 94, feni zikavuta, ukarudi 90. Nilizima redio nikawa nautazama tu. Asanteni kutoka moyoni.

Moja tu limebaki: usiku nikiwasha taa na feni zote mbili zikiwa zinafanya kazi, taa zinafifia nikisimama.

Mzee Spana

Hongera sana. Pima volti kwenye soketi ya feni, gari likiwa limesimama, injini inanguruma na taa zimewashwa. Ukipata chini ya 13 wakati betri yenyewe inasoma 14, waya ni mwembamba au rilei (swichi ya umeme ya feni) imechoka. Betri nayo ikishuka, altaneta yako ya zamani, ile inayozalisha umeme, haikutengenezwa kubeba feni hizo, tafuta inayotoa umeme wa kutosha hata kwenye mzunguko mdogo. Feni yenye volti 11 haivuti kama ya 13 na nusu, kwa hiyo usiliache hilo. Na thamostati ya 82 irudishe.