Tupeane uzoefu: mchwa wa kwenu ni wa aina gani?

Wakuu, inaniuma kuona watu wanamwaga dawa ileile kwa kila mchwa. Kila eneo lina wake. Sema uko wapi, wanakaa wapi, wanakula nini.

Naanza. Tanga mjini. Ukutani hakuna njia ya udongo hata moja, lakini kila asubuhi chini ya fremu ya mlango nakuta chenga kavu zenye kingo, ndogo kuliko ufuta. Nikifagia, kesho zipo. Hao ni mchwa wa mbao kavu, Cryptotermes. Kundi zima linaishi ndani ya mbao, ardhi hawaigusi. Fundi alitaka kupiga dawa kwenye msingi, nikakataa. Tuling'oa fremu tukaichoma moto.

Kajiado: Huku mbao si shida, shida ni nyasi. Kiangazi kikikaza wanatoka mchana kweupe, weusiweusi, wanakata majani na kuyaburuta hadi shimoni. Yakizidi wanayarundika mlangoni. Ni Hodotermes, na hawajengi kichuguu, kwa hiyo mgeni hajui kama wapo mpaka malisho yaishe.

Bungoma: Kwetu mchwa ni chakula jamani! Mama alikuwa anafunika kichuguu kwa matawi na blanketi, sisi watoto tunagonga vijiti chini pole pole, wadhani mvua inanyesha. Kumbikumbi wanatoka wenyewe, wanaangukia kwenye shimo tulilochimba pembeni. Kuna wengine hawatoki hivyo, hao ni wa usiku, unawategea taa.

Lubumbashi: Jambo bandugu. Vichuguu vya huku vinapita mita 5, ni vya Macrotermes falciger. Udongo wake tunafyatulia matofali. Mvua zikianza tunachuma uyoga unaoota juu yake, maana mchwa hao wanaulima wenyewe ndani.

Kakamega: Ukiona msituni kichuguu kidogo chenye kofia juu, usikibomoe. Ni Cubitermes, wanakula udongo, nyumba yako hawana haja nayo.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Mnaoweka picha, pigeni picha ya mchwa askari, wale walinzi wa kundi, maana vibarua wanafanana mno. Macrotermes ana kichwa kikubwa chekundu na meno ya kukata. Trinervitermes, wale wa vichuguu vya mviringo mbugani, kichwa kimechongoka mbele na anarusha utomvu unaonata. Dodoma na Pemba, tunawasubiri.